Alichokisema Valens Mbele ya Watu

Nkanka, Cyangugu
Tarehe 12 Machi 2000

Mpendwa Yaya Nsimire,

Nakusalimu kwa moyo wote, dada yangu mkubwa, kutoka huku ng'ambo ya ziwa. Hujambo? Shemeji je, na batoto? Kile kifua chako kimepoa, au baridi ya Nairobi bado inakusumbua? Tangu vita vikate njia, habari zako zinanifikia kama matone. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mvua imetuhurumia, maharage yametoa maua, na sambaza wanavuliwa kwa wingi hata ufuko mzima unanuka samaki.

Barua hii anakuletea Damascène, yule dereva wa lori aliyekuwa jirani yetu Bukavu. Tafadhali usimwulize habari zangu. Atakueleza yale ambayo watu wote huku wanayajua, na hilo ndilo linaloniuma. Nataka uyasikie kwangu mwenyewe.

Mwaka jana Mzee Munyemana alianzisha kikundi cha sala nyumbani kwake, hapa juu ya kilima. Naye alirudi kutoka Congo kama sisi, na amezika watu wengi. Si mtu mbaya, sitaki kumsingizia. Lakini anafundisha kwamba nchi hii imekunywa damu nyingi mno, kwa hiyo sisi tuliobaki hatuna ruhusa ya kufurahia kitu chochote. Watu wake wanakula mara moja kwa siku, bila chumvi wala mafuta. Hawajipaki kitu mwilini, muziki hawasikilizi, na mume na mke wanalala mbalimbali. Anayecheka, anasema Mzee, amewasahau marehemu.

Valens wangu akaingia huko. Naam, Valens yuleyule aliyecheza kwenye arusi yetu mpaka kiatu kikapasuka! Alikuwa akitoka kwenye karakana yake ya useremala Kamembe, anapitia kwa Munyemana, anafika nyumbani hana neno. Sahani nikimwekea, anaisukuma. Radio akaifunga ndani ya gunia.

Nilikwenda naye mara kadhaa, halafu nikaacha. Usidhani nilishindwa na njaa. Kufunga najua, Kwaresima nafunga kama mama alivyotulea. Lakini unakumbuka Pasaka ya mama? Mchele wa Bugarama, kuku, na ndizi zilizoungua kidogo chini ya sufuria. Alifunga ili siku ile aipokee vizuri. Kwa Munyemana Pasaka haifiki. Nikajiuliza: kama Mungu anachukia tuonje chumvi, kwa nini alituumbia ulimi unaoitambua? Mtu akikupa zawadi nawe ukaitazama kwa uso wa kuchukia, umemheshimu vipi?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ni zito kuliandika, ila wewe ulininyoa nywele za utoto, sina la kukuficha.

Unajua tulivyompoteza Tuyishimire, mtoto wetu wa pekee, kwa homa, mwaka uliofuata baada ya sisi kuvuka kutoka Bukavu. Baada ya mazishi mimi na Valens hatukugusana kwa muda mrefu. Tulikaa nyumba moja kama wageni wawili. Halafu asubuhi moja ya mvua alinikumbatia, na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, Yaya, hata sauti yangu mwenyewe ilinishangaza. Kisha machozi yakaja. Nikamwambia, "Valens, nimemshukuru Mungu sasa hivi, humu kitandani. Nilidhani nimezikwa pamoja na mutoto. Kumbe Mungu bado anaujua mwili wangu." Na yeye akalia. Akaniambia, "Hii usimwambie muntu. Ni yetu na Mungu."

Sikumwambia mtu. Hata wewe sikukuandikia.

Jumapili moja mwezi wa Januari alinisihi twende kwa Munyemana, ilikuwa siku ya ushuhuda. Nilifurahi kwamba ananisemesha. Nikavaa kile kikwembe cha bluu ulichoniletea, nikaenda. Watu walijaa uani, wamekaa kwenye nyasi. Mama mkwe wangu, Mukantabana, alikuwa mbele, maana naye alikuwa amejiunga. Valens akasimama.

"Bandugu," akasema, "mimi nilianguka. Kaburi la mutoto wangu lilikuwa bado bichi, bibi yangu akanivuta. Akacheka kitandani. Akasema ile furaha ni Mungu anamupa."

Alisema na mengine ambayo siyaandiki. Wanawake waligeuka kunitazama. Mmoja alijifunika mdomo, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Mama mkwe alitazama chini. Munyemana akaniita, kwa upole kabisa: "Mama Tuyishimire, unatubu?"

Kuniita kwa jina la mtoto wangu mahali pale! Nikasimama.

"Nitubu nini, Mzee? Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu. Mtoto huyo unayemtaja nilimzaa kwa mwili huuhuu. Nikisema ni uchafu, nitakuwa nimemtukana na yeye."

Halafu nikamgeukia Valens. "Ulisema ni yetu na Mungu."

Akawa anatazama kucha zake. Nilishuka kilima peke yangu.

Tangu siku ile, nikienda kuchota maji watu wananyamaza. Hata soko la Kamembe limesikia. Muuza nyanya mmoja aliniuliza kama nimeamka nikicheka. Valens akahamia kwa Munyemana, analala huko na wanaume wengine. Yaya, tulivuka mpaka tukikimbia watu waliotaka kutuua, na sikuwahi kujisikia uchi namna hii. Wale walikuwa adui. Huyu nilimpa siri yangu mkononi.

Mama mkwe alibaki nami, akiendelea na chakula chake kisicho na chumvi. Hatukuongea sana. Akakonda, miguu ikavimba, siku moja akaanguka kwenye njia ya shamba. Mchana wa kesho yake nilikuwa nakaanga sambaza kwa nyanya na pilipili, akaja akakaa kwenye mkeka jikoni.

"Mutoto wangu," akasema, "weka na yangu."

"Na Mzee Munyemana, mama?"

"Munyemana hakunizaa. Nilizika bwana, nilizika batoto, nikazika na mujukuu. Nimelia vya kutosha. Sitamwambia Mungu kwamba chakula chake ni kibaya."

Akaishika sahani, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa aliyevua, kwa mafuta, kwa chumvi, kwa mkono wangu, na kwa meno aliyobakiwa nayo. Sambaza wakapoa akiwa bado anashukuru. Kisha tukala mpaka tukaramba vidole, na jasho la pilipili likamtiririka usoni. Alipomaliza alinishika mkono. "Valens alikosa," akasema. "Nilimzaa mimi, na mimi nasema alikosa."

Sijui kama unaelewa neno lile lilivyonituliza.

Wiki iliyopita Valens alikuja. Amekonda, shati linamning'inia. Mama yake akamwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo bila kumwuliza. Alikula, akalia huku anakula. Akaniambia Tuyishimire anamjia ndotoni, na alidhani akijitesa vya kutosha mtoto atatulia. Nilimhurumia, siwezi kukudanganya. Kama angeniambia hivyo mwanzoni, tungelia pamoja. Badala yake alichukua kitu kizuri tulichopewa wakati wa giza, akakitoa mbele ya watu kama mzoga.

Akaomba arudi nyumbani.

"Chakula utapata siku zote," nikamjibu. "Ni cha Mungu, siwezi kukunyima. Kurudi chumbani, hapana. Kwanza nenda usimame mbele ya watu walewale, useme mke wako hakukosa."

Mama yake akaacha kuosha vyombo.

"Nitaona haya," akasema.

"Kumbe haya unaijua," nikamwambia. "Siku ile uliiacha wapi?"

Akasimama, akachukua kofia yake, akaondoka. Hajarudi.

Yaya, najua utataka kuniandikia nisamehe. Nitasamehe, nafsi yangu inaelekea huko polepole. Lakini usiniombee nisahau, wala nimpokee kwa siri ilhali alinivua hadharani. Muombee yeye asimame. Mimi nitamngoja, na nikichoka kungoja, nitakuambia wewe kabla ya mtu mwingine.

Nisalimie shemeji Ndagijimana, wabusu batoto wote, na mwambie Mwavita mdogo kwamba mama yake mdogo amemshonea gauni. Mama Mukantabana anakusalimu sana, anauliza kama huko Nairobi mnapata samaki wa kweli.

Mungu aibariki meza yenu na kila mkono unaonyooshwa juu yake, awape usingizi mtamu na mwili wenye nguvu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda sana,

Mukamurenzi