Nyaya sita zimeingia ukutani

Usinipigie, nimejifungia chooni kwa wakwe.

Si unakumbuka nilivyojigamba kwamba mtandao wa nyumba yao nitaufunga mwenyewe, fundi wa nini? Leo nimekuja kuchomeka nyaya kwenye swichi ya intaneti. Ukutani ziliingia sita. Zimetoka tano.

Tano, ndugu yangu. Nimehesabu mpaka macho yanauma.

Waya wa chumbani kwao niliusahau bila boksi la soketi. Mafundi wa ukuta wameupiga plasta na rangi juu. Waya bora kuliko zote dukani, umezikwa hai.

Baba mkwe kaniuliza taratibu, "Si ulisema umezipima zote?" Nikajibu ndiyo. Sijui kwa nini nilijibu ndiyo.

Anagonga mlango sasa hivi.

"Toka, mwanangu. Nyundo na tindo hizi hapa. Mama yako anauliza ahamishe kitanda kutoka ukuta upi."

Sikumbuki ni upi.