Ndoo Tupu Gatini

Jumapili, 2 Machi

Wamehama! Leo nimewatoa wote kwenye vidimbwi vya nyumba ya mayai na kuwamwaga kwenye bwawa kubwa. Samaki wangu wa trauti, urefu wa kidole, wazima wote. Mgongo umekatika lakini moyo mweupe.

Kila mwaka tunabakiza nusu. Nusu nyingine inakwenda shimoni, na kazi hiyo huwa naifanya nimeangalia pembeni. Mwaka huu mayai yametotoa karibu yote. Hakuna ukungu, hakuna ugonjwa. Niwatupe watoto kama hawa? Thubutu! Nilimwomba Bosi, mwenye bwawa, niwaweke wote. Akasema weka, mama, weka! Mwaka jana wageni waliondoka hapa mikono mitupu, wakimtazama yeye kana kwamba samaki kawaficha mfukoni.

Mume wangu kazi yake ni kuongoza wageni wanaokuja kuvua kwa mshipi. Alisimama kwenye gati anakuna kichwa. Eti, watakula nini wote hawa? Nikamjibu watakula wanachokula wenzao. Bwawani hatulishi, kila mmoja anajitafutia wadudu na konokono wake. Akaokota ndoo zangu tupu, akaondoka nazo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita gatini na ndoo tupu. Nikaigonga kwa pete, ko-ko-ko, kama nilivyokuwa nikiwaita kula tangu wakiwa vifaranga. Wakaja! Maji yakafura. Hawajanisahau, wanangu hawa.

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Anasema yeye kazaa sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkimbilia hivyo. Nikamwambia labda ni mapishi. Tumecheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 14 Juni

Msimu wa kuvua umefunguliwa. Kila mtu anapata! Mgeni mmoja hajawahi kushika fimbo ya kuvulia tangu azaliwe. Kanasa samaki kabla hajamaliza kufunga buti. Alipiga ukelele ukasikika jikoni.

Bosi anatembea kifua mbele. Mume wangu anapigwa picha kila dakika. Leo kaniita fundi mbele ya watu. Leo silali na njaa ya sifa, jamani.

Jumatatu, 7 Julai

Mzee Kofia amekuja. Mgeni wetu wa miaka yote, hana maneno mengi. Huwa anakaa wiki nzima kwenye jiwe lake moja, anamtafuta samaki mmoja, yule mkubwa mwenye kovu jeupe tayani. Akimpata anampiga picha, anamrudisha majini, anakwenda zake kwao ameridhika.

Safari hii kila akirusha, ananasa. Akirusha, ananasa. Wote saizi ya kiganja. Saa nne tu kaikunja fimbo, kaomba chai. Mume wangu akamuuliza kulikoni. Akasema ni kama kwenda kutembelea watu, kila mlango unaopiga hodi anafungua mtoto. Wazazi wako wapi?

Nimeudhika. Mwaka jana walilia hakuna, mwaka huu wanalia wapo! Binadamu hana jema.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee Kofia kaondoka leo, wiki haijaisha. Kaniachia samaki mmoja kwenye sahani, akaniomba nimtazame vizuri. Hakusema kwa ubaya.

Nimemtazama. Kichwa cha mtu mzima, mwili wa mtoto. Mgongo mkali unakata kidole. Nikampasua pale kwenye karo: mbawakawa mmoja na kipande cha kijiti. Kijiti! Anakula kuni!

Nikapasua wengine. Hali ile ile. Chungu kimoja, walaji mara mbili, na mpishi haongezi kitu. Hata wale wakubwa wa zamani wamekonda, maana wadogo wanawahi kila kinachoanguka majini. Mume wangu aliniuliza siku ile ile ya kwanza. Nilimjibu kwa mdomo mrefu.

Nililia pale kwenye karo. Nadhani hakuna aliyeniona.

Jumanne, 12 Agosti

Bosi ameniita. Wageni wanaandika huko kwenye mitandao kwamba bwawa letu ni la watoto kuchezea. Anasema msimu ujao ataleta samaki wakubwa kwa lori kutoka kwa watu wengine, na nyumba ya mayai ataifunga. Kazi ikienda, na nyumba tunayolala inakwenda nayo. Hilo hakulisema. Hakuwa na haja ya kulisema.

Nikamwambia samaki wangu watakua, tukiwapunguza nusu kabla ya joto, watakaobaki watapata chakula. Akashika kichwa. Kwanza mlitaka wengi, sasa mnataka wachache? Mwisho akasema fanyeni mnavyojua, yeye msimu ujao anataka samaki wa kubebwa kwa mikono miwili.

Nyumbani nikawaeleza. Mume wangu akauliza, nusu? Utaweza? Nikasema kwa nini nisiweze! Mama mkwe anachambua mboga, hata hakuinua uso. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kasema hivyo tu, akaendelea na mboga zake.

Kesho naanza kushona wavu.

Ijumaa, 12 Septemba

Wavu bado. Mara uzi umekwisha, mara mvua, mara kiuno. Najijua.

Lakini leo ajabu! Nimemvua mmoja karibu na gati, tumbo limejaa! Nikaruka kwa furaha. Wanakua wenyewe! Nikampasua.

Punje za kahawia. Chakula changu cha stoo, kile cha samaki wazazi wanaotaga mayai. Kuna mtu analisha bwawa.

Jumamosi, 13 Septemba

Ni mume wangu. Baba Watoto.

Niliwaka! Nilidhani anawakusanya gatini ili wageni wake wasiaibike, apate kupigwa picha zake. Nikamwita mwizi. Nikamwita mambo mengine ambayo siandiki hapa. Akasubiri nimalize, anavua buti polepole, moja, kisha la pili.

Kisha akasema aliniona kwenye karo. Alifikiri wakinenepa, sitalazimika kumwua hata mmoja. Kila asubuhi kabla wageni hawajaamka anachukua ndoo yangu, anagonga kwa pete yake. Mwanzoni hawakuja, anasema. Hagongi kama mimi. Ilibidi ajifunze.

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Mwanamume mzima anajifunza kugonga ndoo!

Nilipaswa kumkataza. Badala yake jioni tumekwenda pamoja. Kidogo tu, tuliambiana. Mpaka joto lipite.

Jumapili, 5 Oktoba

Joto halipiti. Linaanza.

Upepo umekatika, kijito kinachoingiza maji kimebaki uzi. Maji yamekuwa ya kijani na yananuka. Chakula tulichokuwa tunamwaga kimeoza chini, na kinachooza kinakula hewa ya samaki. Hilo nalijua. Nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi hii! Samaki wako juu, midomo nje, wanahema.

Tumeacha kulisha leo. Leo!

Jumatatu, 6 Oktoba

Wanaokufa kwanza ni wakubwa. Wadogo wanavumilia, mkubwa anahitaji hewa nyingi.

Nimeokota saba kwenye matete. Wa mwisho alikuwa na kovu jeupe tayani. Nilimgeuza mara mbili nikiomba niwe nimekosea. Mzee Kofia atakuja mwakani, atakaa kwenye jiwe lake. Nitamwambia nini?

Niliwahurumia wote na sasa nawamaliza wote. Hakuna wa kumlaumu ila mimi, na huyu mwanamume wangu aliyenipenda vibaya.

Mume wangu kasema kuwapunguza ni kesho, si keshokutwa. Nimeshona wavu mchana kutwa. Uzi ulikuwepo siku zote.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumeburuta wavu tangu asubuhi. Bwawa pana, watu wawili. Wakiuona tu, wanatawanyika kwenye matete na kwenye kina ambako hatufiki. Tumepata tenga moja, nusu yake majani. Mume wangu kateleza akanywa maji yale. Nikacheka, kisha nikaona aibu kucheka.

Tukakaa ukingoni, tumelowa. Mama mkwe katuletea chai. Kauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: kwani si huwa mnawaita kwa ndoo?

Chai ikapoa.

Jumatano, 8 Oktoba

Niko gatini. Asubuhi, jua limeshatoka, hakuna upepo.

Mume wangu yuko majini mpaka kifuani. Wavu tumeuzungusha mbele ya gati, tumeacha mlango upande wa bwawa. Kamba ya kuufunga anayo yeye. Mama mkwe kapanga matenga, kawaita na majirani, samaki wasiharibike. Wamekaa mbali kidogo, wanaongea polepole kama watu wa msibani.

Mume wangu alisema agonge yeye, mimi nishike kamba. Nikakataa. Kwanza kamba inahitaji nguvu zake. Pili, kwake wanakuja wachache. Kwangu wanakuja wote.

Ndoo iko magotini, tupu. Nimetoa daftari ili mkono uwe na shughuli nyingine.

Baadhi wamekwisha kuja, wamesikia tu nyayo zangu kwenye mbao. Wanazunguka chini ya miguu yangu, vichwa vikubwa, miili hakuna. Mmoja kanitazama, anafungua mdomo na kufunga. Anadhani ni chakula. Miezi yote hii ya njaa na bado ananiamini!

Mume wangu anasema gonga, Mama Watoto. Hana hasira. Anasema jua linapanda, hewa inazidi kwisha humo ndani, tukingoja hatutachagua sisi nani abaki.

Najua. Najua!

Ameita tena. Sauti inatetemeka, na maji si baridi kiasi hicho.

Naandika kwa mkono wa kulia. Pete iko kwenye wa kushoto, na wa kushoto umeshashika ndoo.