Mjomba Anasema Sijachoka

Mama Teodosia, shikamoo. Nisaidie mama, maana hasira niliyonayo itanifanya nimtukane mtu ambaye kwetu hatukanwi. Mimi ni mkulima wa huku Chinongwe, nina mume na watoto, na tangu mwaka juzi ngozi yangu inakakamaa, mikono, uso, hadi mdomo haufunguki vizuri kula tonge, vidole asubuhi vinageuka vyeupe kama nimeshika unga, na sasa pumzi inanikatika hata nikitoka kuteka maji, daktari akasema ni ugonjwa unaoitwa skleroderma na anataka kuona kama umeshaingia kwenye mapafu na moyo, basi nikaambiwa nitembee kwenye korido ya hospitali kwa dakika sita, naenda na kurudi. Mjomba wangu Hassani, kaka yake mama, ndiye aliyenisindikiza kwa sababu kwetu mambo ya mpwa anayaamua mjomba, akasimama ukutani ananitazama, na mimi nilivyofundwa unyagoni mwanamke hasemi amechoka mbele ya wakubwa, nikajikaza, kifua kinawaka, nesi akiniuliza umechoka kiasi gani najibu sijachoka, na kile kibanio cha kupimia hewa kwenye damu kikagoma kusoma kwa vile vidole vilikuwa vya baridi.

Daktari akasema majibu hayaeleweki, niende Dar nikapimwe kwa baiskeli isiyotembea, unakanyaga huku umevaa barakoa inayopima pumzi, maana kipimo hicho kinasaidia kujua mgonjwa yupi yuko kwenye hatari ya kufa mapema. Mjomba akarudi kijijini akatangaza kuwa napelekwa kwenye mashine ya kutabiri kifo, kwamba hiyo ni kufuru, na isitoshe mwenyewe nilisema sijachoka, mume wangu Rahimu akadakia kuwa kama sijachoka korosho zinaningoja, basi msimu huu wote nimeokota na kuzitenga na mabibo kwa vidole vyenye vidonda, juzi nikaanguka shambani, Rahimu akasema, “Si ulimwambia nesi hujachoka?” na watu wakacheka, mama, wakacheka. Nikienda bila ruhusa ya mjomba ukoo utanisusa, nisipoenda najiona naisha. Nifanyeje?

Mwamini, Chinongwe

*

Marahaba, Mwamini. Nimesoma barua yako hadi chai yangu ikapoa, na nimekasirika kukuzidi. Nianze na wewe. Ulimdanganya nesi. Najua ulivyofundwa, nami nilifundwa, lakini hakuna kungwi aliyetuambia tumfiche anayetutibu. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

Sasa Mzee Hassani, na kama gazeti hili anasomewa, asomewe taratibu. Siku ya kufa anaijua Mungu peke yake. Mashine ile inaonyesha tu moyo na mapafu yanabeba kiasi gani mtu anapojikaza, ili daktari ajue nani yuko hatarini, atibiwe mapema. Wewe mzee ukiona wingu unakimbilia kuanua ufuta, na hakuna anayekuambia umekufuru. Ufuta una thamani kuliko mpwa wako?

Rahimu sina maneno naye mengi. Mume anayechekesha watu mkewe akiwa chini hahitaji ushauri, anahitaji aibu, na leo nimempa.

Mwamini, korosho ziache zilipo. Wiki hii rudi kwa yule daktari, umwambie wazi kwamba kifua kiliwaka, ulijikaza, ulisema uongo kwa sababu ya mjomba, na sasa umeanguka. Mkumbushe kwamba kibanio kiligoma kidoleni, umuulize kama wanaweza kukijaribu sikioni. Ukifika Dar na kupanda hiyo baiskeli, kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, sema hapohapo wakusimamishe. Huo si mtihani wa shule, hakuna zawadi ya kuumaliza. Usindikizwe na mama yako mdogo au mkubwa, maana nao ni ukoo kama mjomba alivyo, na watakaokususa leo, ukifa kesho ndio watakaokulilia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Usisubiri kikao cha ukoo. Panda basi. Mjomba akiuliza nani amekuruhusu, mwambie ni mimi, na namba yangu ya simu iko juu ya ukurasa huu.