Kitambaa cha Miwani

Binti yangu amekuwa daktari wa sayansi, mdogo wangu, na maprofesa watano wamesimama kumpa mkono. Salamu zifuate nyuma. Mimi na shemeji yako hatujambo.

Kazi yake naijua kuliko majirani wote. Almasi haipitishi umeme. Mwanao hutandaza juu yake molekuli, nyembamba hata jicho halizioni, zikavuta chembe za umeme kutoka ndani ya jiwe, basi umeme ukapita pale juu.

Hili lisome peke yako. Mwaka juzi alipita nyumbani akipeleka almasi moja ndogo, molekuli zikiwa tayari juu yake, kupimwa maabara ya mbali. Alipoingia kuoga, nikafungua kiboksi nimwonyeshe jirani yetu, fundi cherehani. Akacheka, "Jirani, hiki si kipande cha chupa?" Nikaona haya. Nikaisugua kwa kitambaa cha miwani mpaka ikang'aa, nikairudisha.

Huko maabara umeme haukupita. Alinipigia akilia, "Mama, molekuli zangu hazishiki. Nimekosea mahali."

"Jaribu tena, mwanangu," nikasema.

Akajaribu mwaka mzima, akakonda, akitafuta kosa lisilo lake. Nami nilijua ni kitambaa changu kilichozifuta, nikamficha.

Jana alinisomea ukurasa wa shukrani wa tasnifu yake: "Kwa mama, aliyenikataza kukata tamaa."

Habari ya kitambaa nitamwambia mbele yenu kwenye sherehe yake, maana tukiwa wawili ulimi unanigoma. Njoo na watoto, ukae karibu yangu. Dada yako anakungoja Jumamosi hii, saa nne asubuhi.