Saa Mbili Hadi Jidda

Jumatatu, 6 Agosti 1956
Mahindi ya Nangwa yamekuja dukani na mawe tena. Nimechagua mpaka adhuhuri. Watu bado wanamiminika kumwona mume wangu, Baba Zaina, kanzu mpya, kofia mpya. "Shikamoo, Haji!" Chai nachemsha mimi. Leo kawaambia kwamba kutoka Nairobi ndege ilikaa angani saa mbili tu, wakawa Jidda. Saa mbili! Lori la kwenda Mbulu tu linamaliza siku.

Jumanne, 7 Agosti
Nimempelekea Mwalimu Tluway maandazi, nikamuuliza juujuu. Akapima kwa rula kwenye ramani ya shule. Nairobi mpaka Jidda, kama maili elfu moja na mia sita. Ndege za namna ile, anasema, maili mia mbili kwa saa, labda pungufu. Sikuhitaji karatasi. Saa nane, na hapo hawajatua popote. Baba Zaina anaapa hakusinzia njia nzima. Basi saa sita kazipeleka wapi?

Jumatano, 8 Agosti
Maji ya zamzam? Yalimwagika. Tende? Eti aliwagawia wagonjwa.
Viatu vyake nimevipangusa mwenyewe. Vumbi jekundu kwenye mishono. Hilo ni la Kondoa. Na Kondoa yuko yule mjane wa mgahawa, ambaye pilau yake ilisifiwa humu ndani mwaka mzima.
Duka hili nililianza na debe moja la mahindi. Hatakuja mwanamke mwingine kulirithi.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimemkabili. "Baba Zaina, maili zote hizo kwa saa mbili, mlipanda ndege au mlipanda risasi?" Nikamtaja mjane.
Akakaa juu ya gunia. "Wallahi si mwanamke. Tiketi iliandikwa kumi. Nikafika uwanjani saa tisa na nusu alasiri, nimeoga, nimetulia. Wakaniambia ndege imeondoka asubuhi."
Kumi ya Wazungu. Saa nne yetu! Hakuuliza mtu, maana yeye anajua kusoma. Ndege nyingine ya mahujaji hakuna. Aibu ikampeleka Kondoa kwa dada yake, akajificha huko mpaka wenzake waliporudi.
Nimemuuliza upya mara tatu, maneno ni yale yale. Namwamini. Mwanaume anayeficha mwanamke hutunga kitu kitakachomfanya aonekane mwerevu. Hiki hakitungwi.

Jumapili, 12 Agosti
Jana alitoka barazani akawaambia watu ukweli mwenyewe. Sikumtuma. Mzee Iddi mchinjaji alicheka mpaka akashika ukuta. "Karibu nyama, Haji Saa Kumi!" Jina limeshafika sokoni.
Leo hakuja mgeni. Amekaa uani na shati la kazi. Nimekaa karibu naye.
Mume wangu ameikosa Makka, na mimi tangu juzi nalala usingizi mzuri. Mungu anisamehe.