Saa ya Festo Bado

Bibi, kamwene!

Najua marehemu haamshwi kwa makelele, lakini leo unisamehe. Festo wako, mdogo wangu, amerudi chuoni! Asubuhi nimemsindikiza hadi stendi ya Makambako, akapanda gari la Njombe na sanduku lake la bati, nami nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima. Watu wamenishangaa, na washangae.

Hukujua kwamba alisimamishwa, maana ulikuwa umeshatutoka. Bibi, tangu milango ya biashara ya nje ifunguliwe, hapa usingepatambua. Bia za makopo kutoka nje zinapangwa dukani pamoja na sabuni, na baa zimezuka hadi karibu na geti la chuo. Muuzaji haulizi umri. Festo, mtoto ambaye hata miaka kumi na minane hajafikisha, akaingia darasani amelewa, akatapika mbele ya mkufunzi. Wakamrudisha nyumbani muhula mzima. Wakasema akilewa tena, ualimu basi. Na wewe ulikufa ukijisifu kwamba ukoo wetu utapata mwalimu.

Nililia, nikafoka, kisha nikamkabidhi kisu chako cha kugemea ulanzi.

Mvua zilikuwa zimekolea, mianzi inatoa utomvu wa ulanzi vizuri. Nikamwambia sheria ni ile ile ya Bibi: mgema haonji. Ulikuwa ukisema mkono uliolewa hukata nene, na mwanzi ukikatwa nene hukauka. Sisi watoto ulitupa mtogwa tu, ule mtamu wa asubuhi ambao haujachacha. Tukililia mkali, unatujibu: "Ulanzi una saa yake, na mtoto ana saa yake." Kikombe cha kwanza cha mkali ulikitoa kwa mkono wako mwenyewe, kwa aliyekwisha kuwa mtu mzima na kuhitimu kazi yake. Mimi ulinipa nilipomaliza ushonaji. Festo hukuwahi kumpa.

Basi, siku za mwanzo akaonja kwa siri. Jioni moja akaukata mwanzi wako wa karibu na jiko, ule uliokuwa ukiusemesha kama ng'ombe wa maziwa. Akaukata nene. Ukakauka, Bibi. Nilimkuta amekaa chini yake, dume zima, analia makamasi yanamtoka. Sikumgombeza. Toka hapo akawa anagema asubuhi na jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na kinywani hatii tone.

Sasa sikia hili. Jumapili alikuja Baba Mdogo, na unamjua, yeye na kilabu ni chanda na pete. Akammiminia Festo wa mkali, akamwambia awe mwanamume, wanachuo wote wanakunywa. Mimi nimeshika mwiko, nikajizuia kuingilia. Nikikataa kwa niaba yake, huko chuoni nani atamkatalia? Festo akakipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akakirudisha mezani.

"Saa yangu bado, Baba Mdogo."

Nilikimbilia nyuma ya jiko nikapiga kigelegele, kuku wakatawanyika.

Pumzika sasa, Bibi. Kikombe chako nimekitundika ukutani, hakiguswi na mtu. Siku Festo atakapokuja na cheti chake, nitakijaza nimpe kwa mkono wangu, kama ulivyonipa. Na akikikataa hata siku hiyo, nakuahidi nitakinywa mwenyewe mpaka tone la mwisho, nikuchezee ngoma hapo hapo uwanjani.

Mjukuu wako,
Sekela