Kipande Changu Mbeya

Jumanne, 11 Juni
Mazoezi saa kumi, chumba cha nyuma ya kanisa. Baridi ya Iringa, nyuzi hazitulii. Nusu saa nzima kuziweka sawa. Tupo wanne kama kawaida: Mwalimu Tunu fidla ya kwanza, Asifiwe ya pili, mimi viola, fidla nene kidogo, Mzee Lutengano selo, ile kubwa ya kupigwa umekaa. Tunapiga vipande vya muziki vya Wazungu wa kale na vipya vya kwetu. Leo Mwalimu kakubali kipande changu kiende kwenye onyesho la Mbeya. Cha kwanza kukitunga maishani. Nimekitoa kwenye wimbo wa mama wa kupepeta maharage. Nimerudi nyumbani nikiimba barabarani, watu wakinitazama.

Alhamisi, 13 Juni
Aibu. Nimelelewa na kwaya, doh re mi ndiyo lugha yangu, kwa hiyo niliwaandikia wote kwa solfa. Juu ya karatasi nikasahau kuandika doh ianzie nota ipi. Asifiwe na Mzee wakaanzia G. Mwalimu akaanzia F. Mimi mwenye kipande sikujua nimfuate nani. Ilikuwa kama kwaya mbili zinagombea kipaza sauti. Asifiwe alicheka mpaka akaweka upinde chini. Mwalimu hakucheka. Kasema kisipokaa sawa Jumanne, kinaondolewa kwenye onyesho. Ni haki yake. Nimemchukia hata hivyo.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeandika upya, safari hii kwa nota za mistari. Kurasa tisa. Mgongo hauna hali. Mzee Lutengano kaja na selo yake mpaka jikoni kwangu, tumepitia sehemu yake, chai ikapoa. Kasema, "Hapa mnapopepeta, mwanangu, mbona selo inakimbia? Anayepepeta hana haraka." Nimepunguza mwendo. Inaudhi mtu akiwa sahihi kiasi hicho.

Jumanne, 18 Juni
Kimekaa.
Mwalimu kakipiga mara mbili, kisha akakiandika kwenye programu. Cha mwisho kabisa. Sijala mchana. Nina furaha.

Jumamosi, 22 Juni. Mbeya
Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Tulifungua na cha kale cha Kijerumani, chenye sehemu nne. Ya kwanza haijatua vizuri, vigelegele. Mama mmoja akapanda jukwaani akamfunga Mwalimu kitenge mabegani, na upinde bado uko hewani. Mwalimu akashukuru, akawaomba kwa upole: makofi yasubiri mpaka tusimame. Wakatii. Kila tuliposimama, walishangilia. Tulipokaa, kimya.

Kikaja changu. Kinaishia polepole, selo peke yake, inafifia. Ikafifia. Hakuna kofi. Nikahesabu hadi saba. Nikajua nimekwisha, Mbeya nzima imenikataa. Nikaangalia viatu vyangu. Ndipo Mzee akaninong'oneza, "Simama, mwanangu. Wote tunakusubiri wewe."

Kumbe wenzangu walikuwa wamekaa kwa heshima, mtunzi asimame kwanza. Na mimi nimeganda kwenye kiti.

Nikasimama. Sijawahi kusikia kelele za namna ile zikiwa zangu. Nimefungwa vitenge vitatu, viola haionekani. Walidai tukirudie, tukakirudia, nikapiga huku nalia na sikujali nani ananiona.

Jumapili, 23 Juni
Ndani ya basi, tunarudi. Selo ina kiti chake. Asifiwe anakula karanga, Mzee anatazama mashamba. Mwalimu Tunu kasema kipande changu tutakipiga Iringa pia, halafu akasinzia begani kwangu. Naandika kwa mkono mmoja. Huo mwingine umekufa ganzi tangu Makambako. Sijausogeza.